Kofia Juu ya E

Jumatatu, 2 Oktoba

Nimekasirika tangu asubuhi, na hasira yangu ina jina. Vénuste.

Vénuste anauza viatu upande wa pili wa kichochoro. Mimi nauza viatu upande huu. Raba zilezile, kutoka marobota yaleyale. Lakini yeye ameandika juu ya mlango wake ROI DES BASKETS, yaani mfalme wa raba, na sasa Mbugangari nzima inasema ukitaka basketi nenda kwa mfalme. Juu ya mlango wangu kumeandikwa VIATU. Neno sahihi. Hata mtoto wa chekechea analielewa. Watu wanalisoma, wanalielewa, halafu wanaenda kwa Vénuste.

Leo mambo yamekuwa mazito. Yule bwana wa fotokopi amehamia Kigali, na chumba cha kona kiko wazi. Milango miwili! Mmoja unatazama lami, mwingine unatazama njia ya mpakani. Wote wanaokwenda Goma na kurudi wanapita pale, na wote wana miguu. Kwangu ni giza. Mteja anajaribu kiatu kwa tochi ya simu, akitoka nje anagundua kuwa cha kulia ni cheupe na cha kushoto ni rangi ya maziwa. Chumba hicho nimekisubiri kuliko nilivyomsubiri mke wangu, na mke wangu alinisubirisha sana.

Mama Mukandutiye, mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mtaa wetu, ametangaza kuwa kamati itapita Jumatatu ijayo. Chumba atapewa yule atakayeonyesha kwamba anavuta watu upande huu. Alisema hayo akimtazama Vénuste. Vénuste akatabasamu, akafuta kiatu ambacho hakikuwa na vumbi.

Akipata kona yeye, duka langu litabaki nyuma ya mgongo wake. Hakuna atakayeniona. Nitafunga. Naandika hapa kwa sababu nyumbani siwezi kulisema: naogopa.

Lakini akili ninayo. Basketi ni Kifaransa, na Kifaransa kimezeeka. Watoto shuleni wanasoma kwa Kiingereza. Nahitaji neno la Kiingereza, tena si lile la kitabuni. Neno ambalo Vénuste hajawahi kulisikia.

Jumanne, 3 Oktoba

Kenny amekuja kula. Huyu ni kaka wa mke wangu Illuminée, amekulia Uganda, anaota kwa Kiingereza. Alikula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kana kwamba ziwa ni la baba yake. Nilivumilia kwa sababu nilikuwa na shida naye.

Nikamwuliza vijana wa London wanaviitaje viatu. Akauliza viatu gani. Nikasema viatu vya miguuni. Akasema inategemea. Watu waliosoma wanapenda sana kusema inategemea.

Mwishowe akalitoa. Kule Kampala alifanya kazi na jamaa aliyekaa London, na huyo jamaa raba zake aliziita creps. Kenny akaeleza, mdomo umejaa, kwamba si kila kiatu. Ni raba tu, tena raba kali, safi, ya kutembea nayo watu wakageuka. Buti la shambani huwezi kuliita hivyo, wala kiatu cha kanisani. Ni neno la vijana wa mtaani, na mama zao hawalitumii kabisa.

Moyo wangu ukaruka. Nikamwambia aliandike. Karatasi haikuwepo karibu, akaandika kwenye kiganja changu cha kushoto. Cha kulia kilikuwa kinamlinda samaki wa mwisho.

Kisha akaanza tena. Akasema lakini shemeji, hapa Gisenyi, watu waliozoea Kifaransa wakilisikia hilo neno... Nikamkatiza. Mtu hawezi kula samaki wangu na kunipa mashauri siku moja. Illuminée akasema nimwache Kenny amalize. Nikamwambia atazame sahani, Kenny amekwisha maliza.

Jumatano, 4 Oktoba

Naandika taratibu kwa sababu Illuminée ameniambia nikae chini nipumue.

Asubuhi nilimwita Cyiza, mchoraji wa vibao. Nikamwonyesha kiganja. Akakitazama kwa muda mrefu kama mganga, akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kuwa kazi yake ni kupaka, maswali ni yangu. Nikamwacha, nikaenda kuchungulia chumba cha kona dirishani na kupanga rafu zangu kwa macho. Nilizipanga vizuri sana. Raba nyeupe upande wa lami, za watoto upande wa mpakani.

Nikarudi. Kibao kiko juu. Rangi nyekundu, herufi kubwa, mwandiko wa kupendeza. CRÊPES.

CRÊPES, zile chapati nyembamba za Kifaransa! E mbili, na E ya kwanza imevaa kofia. Chini yake amechora kikaango, na juu ya kikaango mvuke unapanda.

Cyiza alikuwa amesimama pembeni anangoja sifa. "Patron, ulikosa maandishi," akasema. "Mi nimekurekebishia. Kikaango iko cadeau, ya bure."

Nikamwuliza ile kofia ni ya nini. Akaniambia bila kofia ni kosa. Yeye alifundishwa Kifaransa na mapadri, hawezi kuacha kosa la namna hiyo barabarani huku jina lake likiwa chini ya kibao. Na kweli, jina lake lilikuwa chini. Nikamwambia afute. Akasema ni rangi ya mafuta, lazima ikauke kwanza, na kesho ana kazi Nyamyumba. Ijumaa.

Vénuste alivuka kichochoro, akakisoma kibao kwa sauti, herufi moja moja kama mtoto. Halafu akaniuliza kwa upole, "Na asali munawekaka?"

Nilijibu baadaye, peke yangu, nyuma ya maboksi.

Alhamisi, 5 Oktoba

Siku ya laana.

Kabla sijamaliza kufungua mlango, mama mmoja na mwanawe wananiuliza kama chapati zile laini ziko tayari. Nikasema hapa ni viatu. Akatazama kibao, akatazama raba niliyoshika, akatazama kibao tena. Akamshika mtoto mkono, wakaondoka haraka. Wakaja vijana wa moto, wale wa pikipiki za abiria, bado na helmeti kichwani, wakitaka za mayai. Wakaja wasichana wa saluni. Akaja mzee mmoja, akakaa kwenye benchi langu la kujaribia viatu, akaagiza na chai.

Nikawaeleza wote. Niliwaambia ni Kiingereza, maana yake ni raba kali ya kujionyesha. Mzee akasema bon, sawa, yeye atangoja hivyo hivyo.

Jambo lililonichoma zaidi: baadaye niligundua kwamba nusu yao walitumwa na Vénuste. Alikuwa anasimama mlangoni pake akiwaelekeza kwa jina langu. "Mwende kwa Bizumuremyi, iko bado moto." Mtu mzima!

Mchana akaja Mudathiru, fundi cherehani, ambaye baba yake na babu yake walishona nguo za mji huu. Nikafikiri huyu ni mtu wa heshima, atanielewa. Akaomba nimwonyeshe krepu. Nikafurahi. Nikamletea raba nyeupe. Akaigeuza, akaipapasa ndani, akauliza kitambaa kiko wapi. Ana magauni ya harusi, anatafuta krepu rangi ya divai.

Nikamwambia krepu si kitambaa. Akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba amekuwa akikata krepu tangu mimi nikitambaa. Tukabishana. Mzee wa benchi akaingilia, akasema wote tumekosea, kwa mabwana wa zamani krepu ilikuwa ule utepe mweusi wa msibani. Wakaanza kubishana wao kwa wao, dukani mwangu, krepu ni ya harusi ama ni ya matanga. Wala hakuna aliyesema ni ya miguuni.

Mudathiru alipoondoka alinipa pole. Alidhani nimefiwa.

Ijumaa, 6 Oktoba

Cyiza amekuja. Nilisimama chini ya ngazi nikimwangalia kila mkono unapokwenda. Ameondoa kofia. Ameondoa E ya pili. Sasa ni CREPS, kama kiganja kilivyosema. Alifanya kwa uchungu, na kila mtu aliyepita alimwambia si yeye aliyekosea, ni patron.

Nikamwamuru ageuze kikaango kiwe kiatu. Akasema haiwezekani. Nikasema kila kitu kinawezekana. Amekigeuza. Mpini umekuwa ulimi wa kiatu, tatizo ni kwamba ule mvuke umekataa kufutika. Sasa nina kiatu kinachotoa moshi. Illuminée alipoleta chakula alikitazama, akaziba pua. Mke wangu mwenyewe. Akacheka mpaka akakaa chini.

Na watu bado wanakuja kuuliza chapati! Kofia imeondoka lakini wameshazoea. Basi nilikuwa nimeshika kiatu, niko tayari kumrushia mtu, nikawatazama jinsi walivyojaa. Mlango haupitiki. Na ng'ambo, Vénuste amesimama peke yake na mfalme wake.

Hapo ndipo nilipoiona njia. Mama Mukandutiye hakusema chumba atapewa mwenye kuuza. Alisema mwenye kuvuta watu. Watu ninao! Kinachokosekana ni chapati tu.

Nasrine, mke wa Mudathiru, anauza chai na maandazi kwenye kibaraza kidogo kule nyuma. Nikaenda. Nikamwambia alete jiko lake mbele ya mlango wangu, akaange hizo krepu za kula. Kila anayejaribu kiatu anapewa moja, unga na mayai ni juu yangu. Nasrine ni mwanamke mtaratibu. Aliuliza mara mbili kama nina hakika. Siku hizi kila mtu ananiuliza kama nina hakika.

Nilimweleza Illuminée. Akaacha kucheka. Akauliza, akiniita kwa jina la mtoto wetu, "Papa Belise, sasa hapo duka itakuwa ya nani?" Swali gani hilo? Leseni ya duka ina jina langu.

Jumamosi, 7 Oktoba

Tumefanya jaribio. Foleni mpaka kwa muuza mkaa! Niliona macho ya Vénuste yakihesabu vichwa, nikasikia raha ambayo sijawahi kuisikia hata siku ya ndoa yangu.

Ila nimekasirika, tena kwa mambo mengi. Kwanza, krepu za Nasrine ni tamu mno. Nyembamba, kingo zinavunjika mdomoni, anapaka asali ya msituni kidogo tu. Mtu akiwa na kitu kitamu hivyo mkononi haangalii mguuni. Pili, mafuta. Wanajaribu raba nyeupe kwa mkono mmoja huku wanakula kwa mkono wa pili, na sasa kila raba yangu ina alama ya kidole gumba. Tatu, hakuna aliyenunua. Kuna kijana amejaribu jozi zote, moja baada ya nyingine, akashukuru kwa kila moja.

Nikapanda juu ya benchi nikawafundisha. Niliwaambia kinachoitwa hivyo ni kile cha miguuni, kile cha mkononi ni ajali tu. Wakaitikia vizuri huku wanatafuna. Msichana mmoja akasema, "Tumesikia, papa, sasa ya mukononi inaisha ao iko ingine?"

Halafu Mungu akaniletea shahidi. Kijana wa Kiingereza, mtalii aliyetoka ufukweni, amevaa kandambili. Akasimama, akakitazama kibao changu, akaanza kucheka kwa furaha. Analijua neno! Mtu mmoja katika wilaya nzima ya Rubavu! Nikashuka kwenye benchi, nikawaambia wote wanyamaze wasikilize.

Kijana akageuka, akanyoosha kidole ng'ambo ya kichochoro, kwenye miguu ya Vénuste, aliyekuwa amevaa raba mpya za buluu. Akasema kwa sauti, watu wote wakasikia, "Nice creps!"

Vénuste akainama kama askofu. Kijana akachukua krepu moja kwa Nasrine, akalipa bila kuulizwa, akaenda zake. Sitaki kuliongelea.

Jumapili, 8 Oktoba

Kanisani. Nimeomba kona. Nimemwombea pia Vénuste apate kazi nzuri mahali pa mbali.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nitaandika yote, wasije wakabadilisha baadaye.

Kamati ilikuja asubuhi, Mama Mukandutiye mbele. Nilikuwa nimevaa koti. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya Jumamosi, watu wamekuja hata kutoka mpakani na mizigo kichwani. Vénuste alikuwa na wateja wake wachache tu, wamekaa kimya, wananunua.

Mama Mukandutiye akala moja. Akala ya pili. Akafuta vidole, akamwuliza mwanamke wa mbele kwenye foleni amekuja kwa nani. Mwanamke akajibu, "Kwa Nasrine." Akamwuliza wa nyuma yake. Kwa Nasrine. Akaenda mpaka katikati, akamwuliza yule mzee wa benchi langu, mzee ambaye nimempa kivuli tangu Alhamisi. Mzee akasema kwa Nasrine.

Nikapaza sauti kwamba hawa ni wangu, wamevutwa na neno langu, neno la Kiingereza, lililo pale juu. Mama Mukandutiye akakitazama kibao. Akanitazama. Akaniuliza maana yake. Nikasema viatu. Akageuka kwa foleni na kuuliza nani amekuja kutafuta viatu. Watu walitazama chini, na naamini walinionea huruma, na hilo ndilo siwezi kuwasamehe. Mkono mmoja ukainuka. Ulikuwa wa Kenny, na hata yeye alikuwa na krepu.

Kona amepewa Nasrine.

Nasrine akaja kwangu kichwa kimeinama. Akasema, "Baba Belise, mimi sikuomba, wewe uliniita." Ni kweli, na ukweli wake ulinichoma kuliko tusi. Akaahidi kwamba mimi na nyumba yangu tutakunywa chai pale bila kulipa. Kisha, kwa adabu ileile, akauliza kama bado ninakihitaji kibao.

Nilikiteremsha mwenyewe. Kwa hasira nilikataa msaada, kikanigonga goti. Kabla ya jioni Cyiza alikuwa amekipandisha kwenye kona, amerudisha E, amerudisha kofia, amerudisha kikaango. Mvuke haukuhitaji kuguswa. Alikuwa anaimba.

Vénuste alivuka kichochoro kunipa pole. Akasema walau sasa sote wawili tuko nyuma. Akaniletea krepu kwenye karatasi. Niliikataa. Alipogeuka niliila nusu. Nimekaa katika lile giza langu, na niseme tu, nimelia kidogo. Nilikitaka sana chumba kile.

Jumanne, 10 Oktoba

Sijafungua. Illuminée amesema kwa upole kwamba kosa langu ni moja: sikuuliza watu wa hapa wakilisikia neno hilo wanasikia nini. Kenny, aliyekuwepo mezani, akasema hicho ndicho alichotaka kunieleza siku ile ya sambaza.

Nimelifikiria jambo hilo mchana kutwa, bila hasira, kama mtu mwenye haki. Illuminée amekosea. Kosa si langu. Kosa ni la Wafaransa, ambao waliweka jina moja kwenye chakula, kitambaa na msiba. Neno langu lilikuwa zuri, ila lilikuta mahali pamekaliwa. Kinachotakiwa ni neno la Kiingereza ambalo Kifaransa hakijaligusa.

Nilimwuliza Kenny kama analo lingine. Aliapa kwamba hana. Nikamwekea sambaza mbele yake. Akalikumbuka. Kuna viatu vyepesi vya kitambaa, vya wanawake na watoto wa shule, huko Uingereza wanaviita pumps. Akaanza kusema lakini shemeji, hapa kwetu. Nikaivuta sahani.

Jumatano, 11 Oktoba

Cyiza amemaliza kabla ya chai. PUMPS! Herufi nyeusi, hakuna kofia, hakuna mchoro. Safari hii hakunirekebisha chochote. Alisema hili anaona liko sawa kabisa, na kwamba mtaa ulikuwa na shida nalo kweli.

Ushindi wa haraka namna hii sikuutegemea. Rangi haijakauka na tayari wanaume wanne wamesimama mlangoni, kila mmoja na baiskeli yake, wananiuliza kwa heshima kama nimefungua. Wamesukuma baiskeli kwa mkono, matairi yamelala, hawakuzipanda, sijui kwa nini. Mmoja ametoka nayo mbali, tangu Nyundo. Vénuste anachungulia, mdomo wazi. Nimewaambia waingie wote na wavue viatu.